Nikisema "sisi Wapemba", nimekuwa mbaguzi?

Swali: Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari Wete. Mdogo wangu anasoma shahada ya pili Uingereza na sasa yuko likizo hapa nyumbani. Jioni moja barazani, mbele ya wageni, alisema siasa za utambulisho ndizo zinazozibomoa nchi za Magharibi, kila mtu na kundi lake, kila mtu na kilio chake, na kwamba sisi Wapemba ndio walimu wao: "Nyie kila kitu sisi Wapemba, sisi Wapemba." Baba yetu ana miaka 77. Alinyanyuka, akachukua bakora yake, akaingia ndani. Hawajasemezana tangu siku hiyo, na mdogo wangu anaondoka mwisho wa mwezi. Nataka kujua: hizi siasa ni kitu cha Kizungu kilicholetwa, au tunazo wenyewe? Nikisema Wapemba tuliachwa nyuma, na mimi nimekuwa mbaguzi? Na je, si bora tuyaache majina yote haya tuwe Wazanzibari tu?

Jibu: Waalaykum salaam, mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani ni la historia. Mara ya pili nikaona ni matatu yaliyofungwa kwenye kanga moja: la historia, la dhamiri yako, na la baba na mwanawe wasioamkiana. Hilo la mwisho nitalifikia. Nadhani dawa yake imo ndani ya yale mawili ya mwanzo.

Mdogo wako ameshika nusu ya jambo. Jina hili, siasa za utambulisho, kweli ni la huko, tena lina mwaka wake. Walioliweka kwenye maandishi ya siasa ni wanawake weusi wachache wa Boston, Marekani, mwaka 1977. Walikuwa wakikutana tangu 1974, na kundi lao wakalipa jina la mto Combahee, South Carolina, ambako Juni 1863 Harriet Tubman, mwanamke aliyezaliwa mtumwa akatoroka, aliongoza msafara wa askari uliowatoa utumwani watu zaidi ya 700. Lalamiko lao halina ugumu kulieleza. Katika harakati za wanawake, waliosemewa walikuwa wanawake weupe. Katika harakati za watu weusi, waliosemewa walikuwa wanaume. Wao wamo kote kuwili na hawamo popote. Wakasema basi, siasa zetu tutazianzia pale tunapobanwa. Hawakusema wataishia hapo. Waliandika wazi kwamba wako pamoja na wanaume weusi katika kupambana na ubaguzi wa rangi, na kwamba kujitenga hakuna faida. Sehemu hiyo wanaozilaani siasa hizi leo hawaisomi, na wengi wanaozishabikia hawaisomi pia.

Kama hayo unayaona maneno ya wasomi, chukua kesi moja. Mwaka 1976 mahakama ya Marekani iliamua shauri la wanawake weusi watano dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors. Kampuni ilipopunguza watu ilifuata utaratibu wa aliyeingia mwisho atoke kwanza. Ukiusikia hivyo hivyo ni utaratibu wa haki. Lakini kabla ya 1964 kampuni ilikuwa haiwaajiri wanawake weusi, kwa hiyo walioingia mwisho walikuwa wao, na waliotoka wakawa wao. Mahakama ikawaambia: kwa rangi, wanaume weusi mbona wameajiriwa, kwa jinsia, wanawake mbona wameajiriwa, wale weupe wa maofisini; na vyote viwili kwa pamoja, sheria haijui dai kama hilo. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliifananisha hali yao na mtu aliyesimama njia panda, gari zinamjia kutoka kila upande, na akigongwa si rahisi kusema ipi iliyomgonga.

Kosa la mdogo wako liko hapa: anadhani siasa hizi zilianzishwa na wanaolalamika. Walioanza ni wenye nguvu, ila wao hawakuwa na haja ya kuzipa jina. Jimbo la Louisiana mwaka 1898 liliweka masharti kwa anayetaka kupiga kura: ujue kusoma na kuandika, au uwe na mali. Kisha likafungua mlango wa uani. Kama baba yako au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura mwanzoni mwa 1867, masharti hayo umesamehewa. Ndani ya kifungu hicho neno mweusi halimo wala mweupe halimo. Lakini mwaka 1867 babu wa mtu mweusi alikuwa ametoka utumwani juzi tu. Kura angeipata wapi? Hiyo ilikuwa siasa ya utambulisho iliyovishwa kanzu ya sheria, karibu miaka 80 kabla ya wale akina mama wa Boston.

Hapo ndipo penye fundo. Jamii za kiliberali zinaahidi kumhesabu kila mtu kama mtu mmoja, bila kuuliza katoka tumbo gani. Ahadi hiyo ikivunjwa kwa jina fulani, aliyevunjiwa hurudi kudai kwa jina lile lile. Arudi na lipi jengine? Mtu aliyenyimwa kwa kuwa ni Mpemba hawezi kwenda kulalamika kama Msukuma.

Sasa tuje kwetu. Sisi jambo lenyewe tulikuwa nalo kabla ya jina, na mizizi yake usiitafute kwenye damu, itafute kwenye makaratasi. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926 chini ya Waingereza, viti vya wasiokuwa maofisa wa serikali viligaiwa kwa mafungu: Waarabu vitatu, Wahindi viwili, Mzungu kimoja. Mwafrika wa kwanza aliingia mwaka 1946. Na watu walijipanga kwa umbo hilo hilo. Ilikuwapo Jumuiya ya Waarabu, ikawapo ya Wahindi, mwaka 1934 ikaja African Association, na miaka michache baadaye Shirazi Association. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata chakula cha mgao kilipangwa kwa rangi. Hebu fikiria maana yake jikoni: ukiulizwa wewe nani, jibu lako ndilo litakaloamua kilichomo sufuriani.

Kuna sensa mbili ambazo mimi huwapa wanafunzi wangu wazitazame kimya kimya kabla sijasema neno. Ile ya 1924 ilikuta Zanzibar watu zaidi ya elfu thelathini waliojiita Waswahili. Ile ya 1931 ilikuta elfu mbili hivi. Miaka saba tu. Hapakuwa na tauni wala majahazi ya kuwahamisha. Wengi wao walikuwa watu waliotoka utumwani na watoto wao, ambao mwanzo "Mswahili" lilikuwa jina la kuwavua utumwa na kuwafanya watu wa mji. Serikali ya kikoloni ilipolifanya jina hilo lisiwe na thamani mbele ya ofisa, wakahamia majina mengine: Mshirazi, Mhadimu, Mtumbatu. Je, walisema uongo? Mimi sidhani. Kila mmoja wetu ana mabibi na mababu wa kutosha kumpa majina matatu manne ya kweli. Linalotoka mdomoni ni lile linaloulizwa dirishani, na lile lenye kitu nyuma yake.

Unaposikia basi kwamba Wapemba "ndivyo walivyo", rudi kwenye uchaguzi wa Julai 1963. Pemba ilikuwa na majimbo 14. Chama cha Hizbu (ZNP) kilichukua sita, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) sita, ASP (Afro-Shirazi Party) mawili. Kisiwa kimoja, vipande vitatu. Mwaka 1995 viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda kwa chama cha upinzani, CUF. Katika miaka ile 32 damu ya watu haikubadilika. Kilichobadilika ni namna walivyotendewa kwa pamoja. Mzee wako anaijua miaka ya baada ya Mapinduzi: viboko vya hadharani, njaa, na karafuu ambayo mnunuzi wake alikuwa mmoja tu, serikali, kwa bei ya chini mno ikilinganishwa na ya soko la dunia. Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba, kwa hiyo bei ile ilikuwa kama kodi ya kisiwa kizima. Aliyekuwa Hizbu, aliyekuwa ZPPP na aliyekuwa ASP wote walipanda mikarafuu ile ile na kupima kwenye mizani ile ile. Mizani ndiyo iliyowafanya kitu kimoja.

Hata hivyo nisikuambie kwamba lawama zote ni za wakoloni na serikali. Kuna sehemu yetu sisi binadamu, nayo ni ya aibu kidogo. Miaka ya 1970 ilipoanza, mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyenusurika Vita vya Pili akiwa mfungwa wa kivita, aliwachukua wavulana wa miaka 14 na 15 wa skuli moja ya Bristol. Aliwaonyesha michoro ya wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, kisha akamwambia kila mmoja yuko kundi gani, ati kwa mujibu wa mchoro alioupenda. Kwa kweli makundi yale yalipangwa ovyo ovyo. Kisha kila mvulana, peke yake, akagawa alama zinazogeuzwa kuwa pesa, wapate watu wasiokuwa yeye. Waliwapendelea wa kundi lao. Lakini kilichowashangaza watafiti ni zaidi ya hapo: walipolazimika kuchagua kati ya kundi lao kupata nyingi na kundi lao kupata chache ila likawashinda wale wengine kwa mbali, wengi walivutika na kule kushinda. Afadhali sisi tupate saba na wao moja, kuliko sisi kumi na tisa na wao ishirini na tano.

Usilijaribu hilo darasani siku ya Ijumaa ukawaacha watoto waende nyumbani wakiwa bado makundi.

Nilipolisoma jaribio hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari nimeshaliona kwa macho. Mwaka 1996 nilikwenda kijijini kwa marehemu mama yangu, kaskazini ya Pemba, kuhani msiba. Jioni nikamtuma mtoto wa jirani kiberiti. Duka lilikuwa hatua ishirini kutoka tulipokaa, taa yake ya kandili naiona. Mtoto akapotea nusu saa, akarudi anahema, jasho linamtoka, mchanga mpaka magotini. Alikwenda duka la kijiji cha pili. Nikamuuliza, mbona hukununua hapa? Akanitazama kama mtu aliyeuliza mbona hula nguruwe. "Lile si letu." Alikuwa na miaka saba. Mwenye duka alikuwa binamu wa baba yake, dhehebu moja, lahaja moja, msikiti mmoja mpaka mwaka mmoja nyuma. Kilichowatenga ni kadi ya chama. Na kwenye mazishi yenyewe, Pemba ambako tumezoea jeneza kupita juu ya mikono kama jahazi, watu wakigombania kulibeba, tulikuwa tisa. Tulibadilishana mabega mpaka makaburini.

Bakora aliyoichukua baba yako barazani, nadhani, imebeba mambo ya namna hiyo. Yeye alikuwa na miaka tisa au kumi hivi uchaguzi wa kwanza wa 1957 ulipopita, zama za siasa zikaanza, watu wakasusiana maduka, mabasi, harusi na maziko, na wenye mashamba wakawafukuza waliokaa kwao kwa sababu ya kura. Alikuwa baleghe, au karibu, Juni 1961, watu 68 walipouawa katika fujo za uchaguzi Unguja. Wenzake wa rika lake wameyaona hayo mara mbili katika umri mmoja.

Kule Magharibi nako mambo yalizidi nguvu kwa sababu mojawapo ambayo haisemwi sana barazani: majumba ya zamani ya kukutania watu yalibomoka. Katikati ya miaka ya 1950 karibu thuluthi moja ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa kwenye vyama vya wafanyakazi. Leo ni kama mmoja kwa kumi. Fundi mweupe na fundi mweusi waliokuwa wakikaa mkutano mmoja kudai mshahara mmoja, japo kwa kuviziana, hawana tena mkutano huo. Ukaja mtandao, ambao humletea kila mtu wenziwe waliofanana naye na kumwonyesha wale wengine siku tu walipofanya upumbavu.

Faida za siasa hizi ni za kweli, na mdogo wako asizipite kama basi lisilosimama. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na ile ya haki ya kura ya 1965 hazikuletwa na watu waliosema sisi ni binadamu tu, basi. Zililetwa na watu waliosema: sisi weusi wa Alabama na Mississippi tunazuiwa, kwa namna hii, mlango huu. Hata viti maalumu vya wanawake kwenye Baraza la Wawakilishi letu ni mtoto wa fikra hiyo hiyo.

Madhara nayo ni ya kweli. La kwanza nililoliona mimi ni kwamba kundi likishapata jina na mlango, hupata na walinda mlango. Ataibuka mtu wa kusema kwa niaba ya wote, na mara nyingi si yule anayebanwa zaidi. "Wapemba" ni jina linalomfunika mfanyabiashara mwenye maghala Kariakoo, Dar es Salaam, pamoja na mama wa Micheweni anayekesha kuchambua karafuu na makonyo kwa ujira wa pishi. Wakisema "sisi" wote wawili, sauti itakayosikika najua ni ya nani, na wewe unajua. La pili ni kushindana kwa machungu: kila kundi lipime jeraha lake kwa la mwenziwe, na anayekiri kuwa la mwenziwe ni kubwa aonekane msaliti. La tatu ni jibu la walio wengi. Ukijenga siasa yote kwa lugha ya makundi, ipo siku kundi kubwa nalo litajiita kundi, likalia kuwa limeonewa, na kwa hesabu ya kura litashinda. Uchaguzi wa Marekani wa 2016, alioshinda Donald Trump, haukueleweka na watu wengi kwa sababu walidhani lugha ile ni mali ya wanyonge peke yao.

Mkifika hapo barazani, mdogo wako atauliza: basi dawa ni ipi? Nami nitakuwa mkweli, hakuna iliyo tamu. Ireland ya Kaskazini, baada ya miaka thalathini ya kuuana, iliandika makubaliano yake Aprili 1998. Kila mjumbe wa baraza lao hujiandikisha: upande wa kubaki na Uingereza, upande wa kuungana na Ireland, au "wengine". Serikali ni ya pande zote mbili kwa lazima. Mauaji yalipungua sana. Lakini mambo mazito hupitishwa kwa kupima kura za pande mbili zile, na aliyejiandikisha "wengine", yaani yule aliyekataa ugomvi, kura yake ina uzito mdogo. Sisi tulifanya kitu cha ukoo huo. Baada ya Maridhiano ya Novemba 2009 baina ya CCM na CUF, na kura ya maoni ya Julai 2010, ambapo theluthi mbili hivi ya wapigaji walisema ndiyo, Katiba ya Zanzibar ikaweka serikali ya umoja wa kitaifa, chama cha pili kikatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa 2010 ulipita kwa utulivu ambao wengi hatukuwahi kuuona tangu 1995. Niliona watu wanaingia maduka waliyoyapa kisogo miaka kumi na tano. Bado naiunga mkono. Lakini dawa hii inatuliza homa kwa kuwapa waliogombana viti, kwa hiyo lazima waendelee kujulikana ni nani na nani. Na mwaka 2015, uchaguzi ulipofutwa, tuliona jinsi dawa inavyoisha nguvu siku mgao wenyewe unapotiliwa shaka.

Sasa dhamiri yako. Ukisema "Wapemba tuliachwa nyuma", hujawa mbaguzi. Umetoa habari, na habari inaweza kupimwa: barabara ngapi, madaktari wangapi, bei gani ya karafuu mwaka gani. Mimi hutazama kinachofuata baada ya hapo. Kuna dai lenye mwisho na dai lisilo na mwisho. "Hospitali yetu haina daktari wa upasuaji" lina mwisho: akija daktari, umenyamaza, na mtu wa Makunduchi anaweza kukuunga mkono kwa sababu naye anamtaka wake. "Hao watu wa Unguja ndivyo walivyo" halina mwisho. Hakuna kitakacholetwa na meli kikalimaliza. Na ukilisema mara nyingi, wewe mwenyewe utaanza kuhitaji lisimalizike. Jipime pia hivi: mtoto wako akija na mchumba kutoka Bara, swali lako la kwanza litakuwa lipi? Sikuulizi unijibu.

Kuhusu kuacha majina yote tuwe Wazanzibari tu, hilo ni la Kifaransa, ingawa hukulikusudia. Serikali ya Ufaransa husema inawajua raia tu. Sheria yao ya 1978 inazuia, isipokuwa kwa nadra, kukusanya habari za asili na rangi za watu. Nia ni njema, na wana sababu: waliona orodha za Mayahudi zilivyotumika wakati wa vita. Lakini aitwaye Mohamed anapopeleka barua ya kuomba kazi, mwajiri hahitaji sensa kumjua, na anayetaka kuthibitisha uonevu huo ndiye anayekosa takwimu. Mwaka 2004 wakapiga marufuku alama za dini zinazoonekana wazi kwenye skuli za serikali, na wasichana wenye hijabu ndio waliojikuta getini. Jina likizimwa, faida huendelea kwa aliyekuwa mbele, sasa bila ushahidi.

Tena, Uzanzibari nao ni utambulisho. Tunacho mpaka kitambulisho chake, cha Mzanzibari Mkaazi, kilichoanza kwa sheria ya 2005, na mlangoni amekaa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Yupo mtu aliyezaliwa hapa, babu yake kaletwa na uvunaji wa karafuu, na bado akipita huitwa mtu wa Bara. Ukimwambia "tuwe Wazanzibari tu" atakuuliza, kwa adabu, na mimi nimo? Jibu lako kwake lina uzito kuliko hotuba yoyote. Yaacheni majina yabaki. Tatizo ni pale mtu anaporuhusiwa moja tu.

Haya niyasemayo ni ya kujadili. Kuna mambo hayajadiliwi kwa barua. Ikiwa mtu wa familia yako amenyimwa kitambulisho, uandikishaji au kazi, na mnaamini ni kwa sababu ya alikotoka au chama, msikae barazani kulilia: andikeni tarehe, jina la ofisi na mliloambiwa, mchukue na kila karatasi, mwende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kina ofisi Chake Chake, au kwa msaidizi wa sheria wa eneo lenu. Ushauri wao hauhitaji muwe na pesa ya wakili. Na ikiwa maneno ya barazani yatageuka vitisho, au watoto wa skuli wataanza kupigana kwa majina haya, hilo ni la mwalimu mkuu, wazazi na polisi siku ile ile, lisingoje Jumatatu. Wewe kama mwalimu usilibebe peke yako.

Ya baba hayahitaji ofisi. Nadhani mzee hakuchukizwa na nadharia. Mtoto aliyesomeshwa kwa karafuu zake amelitaja jina lake mbele ya wageni kama jina la ugonjwa. Mdogo wako asiende kumweleza Tajfel, wala asimwombe radhi kwa hotuba. Aende baada ya Alasiri, ampe mkono, amkalie chini mkekani, amuulize jambo moja: mwaka ule wa zama za siasa, ni duka gani ambalo nyinyi watoto mlikatazwa kwenda, na lilikuwa la nani? Kisha anyamaze. Mzee akianza kwa kusema "hayo yamepita", asinyanyuke. Wazee wetu husema hivyo kabla ya kuanza. Wewe tia kahawa, na kaa karibu usikie, kwa sababu sidhani kama nawe umeshawahi kumuuliza.